Kuandaa matembezi ya kikundi ya siku moja kwenye vilima vya pwani vyenye mabaki ya vita

Katika pwani nyingi za dunia, vilima vinavyoitazama bahari vina mahandaki, majukwaa ya mizinga, maghala ya makombora na vyumba vya zege vilivyojengwa kwa ajili ya vita vilivyokwisha zamani. Kuvifikia kwa miguu pamoja na wenzako ni njia nzuri sana ya kuielewa historia, kwa sababu miguu na pumzi za mtu humweleza kwa nini askari walikichagua kilima hiki na kukiacha kile. Hata hivyo, vikundi vingi huipanga siku hiyo kama matembezi ya kawaida: hupima umbali, hugawa vituo vya kupumzika, kisha huyaachia magofu muda wowote utakaobaki. Watu hufika wamechoka, jua limeshaanza kushuka, na sehemu iliyokuwa sababu ya safari nzima huishia kwenye picha chache na kurudi mbio. Ushauri wangu ni kupanga kinyume chake. Anza na magofu, amua yanahitaji saa ngapi na watu wangapi, ndipo urudi nyuma kuitafuta njia, saa ya kuondoka na mizigo ya kubeba. Faida ya siku hiyo iko kwenye magofu, na hatari nyingi ambazo njia haina ziko hapohapo pia.

Kuyajua magofu kabla ya kuifikiria njia

Kazi ya kwanza ni kujua kwa uhakika kuna nini juu ya kilima, kiko wapi hasa, kiko katika hali gani na ni nani mwenye mamlaka juu yake. Ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayoonyesha urefu wa ardhi, ya kipimo cha 1:25,000 au 1:50,000, mara nyingi huonyesha ngome na barabara za zamani, na picha za setilaiti zilizopigwa jua likiwa chini au majani yakiwa yamekauka hufichua mistari iliyofifia ya mahandaki ambayo mtu aliyesimama juu yake hawezi kuitambua. Ikiwa makumbusho au idara ya nyaraka ya eneo hilo ina ramani na picha za angani za wakati wa vita, zilinganishe na za sasa. Barabara ya kijeshi inaweza kuwa imefunikwa na vichaka kwa miongo mingi, lakini kwa kuwa ilichongwa kwa mteremko wa taratibu ili mizinga na makombora yaweze kupandishwa, na kwa kawaida ilipitishwa upande wa nyuma wa kilima ili meli za adui zisiione, mara nyingi bado ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kufikia kileleni.

Waulize pia watu wanaoishi karibu. Wao ndio wanaojua ni ukuta gani umeanguka baada ya mvua za mwisho, ni handaki gani limejaa maji, na ni kisima gani hakina kifuniko.

Suala la ruhusa lisiachwe hadi siku za mwisho. Baadhi ya vilima vya aina hii bado ni ardhi ya jeshi, vingine ni hifadhi ya wanyama au mimea, vingine ni mali ya mtu binafsi, na sheria za kulinda mambo ya kale zinaweza kukataza kuingia ndani ya jengo hata pale ambapo hakuna uzio. Penye uwanja wa shabaha, bendera nyekundu ikipandishwa maana yake risasi za kweli zinatumika siku hiyo, na hakuna hoja ya kubishana nayo. Uliza waziwazi kuhusu kupiga picha na kurusha droni, kwa sababu rada, mnara wa mawasiliano au kituo cha jeshi la majini kinachofanya kazi kinaweza kuwa jirani kabisa na magofu mnayokwenda kuyatazama.

Baada ya hapo kiongozi aitembee njia yote mwenyewe, akiwa na mwenzake mmoja, si zaidi ya wiki mbili kabla ya siku yenyewe na katika msimu uleule. Pwani hubadilika haraka: daraja dogo huchukuliwa na maji, ukingo wa genge humeguka, nyasi hufunika tundu. Katika ziara hiyo ya ukaguzi, saa nyingi zitumike kwenye magofu, kila chumba kikaguliwe mchana, na uamuzi wa wapi kikundi kitaingia na wapi kitatazama kutoka nje ufanywe palepale na kuandikwa.

Kuhesabu muda kutoka mwisho kuja mwanzo

Kwa eneo lenye jukwaa la mizinga miwili au mitatu, ghala, kituo cha uangalizi na mahandaki kadhaa, saa mbili ni kiasi cha haki kwa kikundi cha watu kumi. Saa moja ni haraka. Muda huo uwekwe kwanza, uwe kama msumari uliopigwa kwenye ratiba, na mambo mengine yapangwe kuuzunguka.

Kwa kutembea, kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Scotland, William Naismith, bado ni msingi mzuri: kwa vipimo vya mita, hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za umbali, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye jumla ya mita 600 za kupanda itatoa saa 2 na dakika 24 za umbali pamoja na saa 1 ya kupanda, yaani saa 3 na dakika 24. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu anayetembea bila kusimama. Kikundi chenye watu wa umri na uzoefu tofauti kiongezewe nusu yake, na sasa mmefika takriban saa 5. Ukiongeza saa 2 za magofu na saa 1 ya chakula na mapumziko madogo, siku yenu ni ya saa 8. Mkiondoka saa 1 asubuhi mtarudi saa 9 alasiri, na kabla ya giza mtakuwa na akiba ya kutosha kwa mguu ulioteguka au njia iliyofungwa.

Weka pia saa ya kugeuka, nayo itangazwe mapema kwa watu wote. Ikifika saa hiyo kabla hamjayafikia magofu, mnarudi, hata kama yanaonekana mbele yenu. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya juu ya kilima mkiwa na hamu, lakini ni mwepesi mkiwa mezani na ramani, ndiyo maana hufanywa mezani.

Ikiwa njia inashuka ufukweni au inakatiza ghuba ndogo chini ya magenge, jedwali la maji kujaa na kupwa lina nguvu kuliko ratiba yenu. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku na saa ya jana haifai leo. Wakati wa bamvu, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda juu zaidi, na njia iliyokuwa kavu wiki iliyopita inaweza kuzama kabisa. Panga kupita sehemu ya chini maji yakiwa bado yanatoka, wala si yalipoanza kurudi, ili kuchelewa kidogo kusiwageuze kuwa mateka chini ya ukuta wa mwamba.

Watu na mizigo

Naona kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili ndicho kinachofaa. Wakizidi hapo, wa nyuma hawasikii maelezo, vyumba vidogo haviwatoshi, na kuhesabu watu huchukua muda. Ni afadhali kugawa vikundi viwili vyenye viongozi wao, vinavyoanza kwa kupishana nusu saa. Kila kikundi kiwe na kiongozi wa mbele na mtu mmoja wa kufunga msafara, ambaye hampiti mtu yeyote kwa sababu yoyote. Mfunga msafara asichaguliwe kwa kuwa ndiye mzito wa miguu. Awe mtu mwenye uzoefu, subira na vifaa vya huduma ya kwanza, kwa kuwa matatizo mengi hutokea nyuma, mahali ambapo kiongozi haoni.

Siku chache kabla, kila mshiriki aeleze kwa faragha maradhi aliyonayo, dawa anazotumia, na kama anaogopa urefu au sehemu zilizofungwa. Hofu ya sehemu zilizofungwa ni jambo la kuulizwa mapema katika matembezi ya aina hii, maana mtu anaweza kupanda kilima kwa furaha kisha akashikwa na hofu kali ndani ya njia ya giza yenye upana wa mabega mawili. Majina ya wote, namba za jamaa zao, njia iliyopangwa na saa ya kurudi vibaki kwa mtu asiyekwenda, ambaye ameelekezwa afanye nini iwapo saa hiyo itapita bila taarifa.

Kuhusu viatu, nyayo zenye meno ya kushika ni muhimu kuliko shingo ndefu ya kiatu, kwa sababu zege lenye ukungu wa kijani huteleza kuliko tope. Suruali ndefu ni lazima: vilima vya pwani vina miiba, na waya wa miba wa wakati wa vita, ulioliwa na kutu na kufunikwa na nyasi, bado huchana ngozi. Kila mtu ahakikishe chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati. Maji yahesabiwe angalau nusu lita kwa kila saa ya kutembea penye joto, yaani, pamoja na saa za magofu na mapumziko, lita tatu hadi nne kwa siku tuliyoipigia hesabu hapo juu, kwani vilimani penye upepo wa bahari mtu hukauka bila kuhisi jasho. Kofia yenye kamba, nguo nyepesi ya kukinga upepo, tochi ya kichwani pamoja na betri za akiba, na filimbi ni vitu vya kila mmoja bila kutegemeana. Filimbi ikipulizwa mara sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, na kurudiwa tena, ni ishara ya kuomba msaada inayofahamika milimani katika nchi nyingi. Anayejibu hupuliza mara tatu kwa dakika.

Kiongozi abebe ramani ya karatasi na dira hata kama simu ina programu nzuri ya ramani. Simu hufa, na ndani ya vyumba vya zege nene haishiki mtandao.

Njiani

Mwendo ni wa mtu wa polepole kuliko wote, na kanuni ya njia panda ni moja: kila inapotokea njia kugawanyika, wa mbele husimama hadi mfunga msafara aonekane, watu wahesabiwe, ndipo safari iendelee. Mtu anayefika wa mwisho naye apewe muda wa kupumua, kwa maana desturi mbaya ya wenye nguvu kuondoka mara tu wanyonge wanapofika huwachosha wale wanaohitaji mapumziko zaidi.

Kwenye mgongo wa kilima upande wa bahari, kaa mbali na ukingo kwa hatua tano au zaidi. Mawimbi hula mwamba kuanzia chini, hivyo nyasi unazozikanyaga zinaweza kuwa zimening'inia juu ya hewa tupu bila wewe kujua. Nyufa zilizo sambamba na ukingo ni dalili kwamba kipande hicho kinajiandaa kwenda. Mabaki ya vita yenyewe hukumbwa na hali hiyo: huko Pointe du Hoc, katika pwani ya Normandy nchini Ufaransa, kituo cha uangalizi cha Wajerumani kilichoko ncha ya genge kilitishiwa na mmomonyoko hadi mwamba ulio chini yake ukalazimika kuimarishwa. Chini ya magenge nako si pa kupumzikia, hasa baada ya mvua kubwa.

Upepo ukiwa mkali kiasi cha kumyumbisha mtu, shukeni upande wa nchi kavu wa kilima. Ukungu wa bahari ukiingia, kikundi kikusanyike hadi kila mtu amwone wa mbele yake na wa nyuma yake. Mkisikia ngurumo, ondokeni kileleni mara moja, wala msijibanze mlangoni mwa jengo lenye nondo na mabomba ya chuma.

Kabla ya mtu yeyote kuingia ndani

Mkifika, kiongozi awakusanye watu mahali penye uwazi, mbali na ukingo na mbali na kuta, na aeleze masharti kwa maneno machache. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba hakuna anayegusa, kuokota, kupiga teke wala kusogeza kitu chochote cha chuma kilicholala chini au kilichochomoza kwenye udongo. Kombora au guruneti iliyokaa ardhini miaka 80 haipoi kwa kuzeeka. Kutu huzila sehemu za usalama, na vilipuzi vingine huwa vyepesi zaidi kulipuka. Asidi ya pikriki, iliyojazwa kwenye makombora mengi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikigusana na metali kwa muda mrefu hutengeneza chumvi ambazo msuguano mdogo huweza kuzilipua.

Hatari nyingine haifanani kabisa na silaha. Kwenye fukwe za Bahari ya Baltiki, hasa katika kisiwa cha Usedom nchini Ujerumani, vipande vya fosforasi nyeupe vilivyotoka kwenye mabomu ya moto ya Vita vya Pili vya Dunia hufanana sana na kaharabu, utomvu ulioganda unaotumiwa kama kito. Waokotaji wameviweka mfukoni vikiwa na maji, na vilipokauka na kupata joto la mwili vikawaka na kuwaunguza vibaya. Ndiyo maana amri ya kutookota haina kipengele cha "isipokuwa kikiwa kizuri". Na katika Visiwa vya Falkland, mabomu ya kutegwa ardhini ya vita vya mwaka 1982 kati ya Uingereza na Argentina yaliwazuia watu kufika kwenye baadhi ya fukwe hadi kazi ya kuyaondoa ilipokamilika mwaka 2020. Katika nchi zenye historia ya mabomu ya namna hiyo hamtoki nje ya njia iliyokanyagwa, hata kwa haja ndogo, na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu au vibao vya fuvu la kichwa vinageuza msafara papo hapo.

Mtu akikiona kitu cha kutia shaka, asimame, awatahadharishe wenzake kwa sauti, kisha arudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe. Picha ipigwe kwa mbali, mahali pawekewe alama kwenye ramani, na simu kwa polisi au wataalamu wa mabomu ipigwe mkiwa mmeshajitenga. Msiwashe moto popote katika eneo hilo, na kifaa cha kutafutia vyuma kibaki nyumbani.

Sharti la pili linahusu zege. Chumvi ya bahari hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hulipasua zege kutoka ndani na kuliangusha kwa mabamba. Kabla ya kupita chini ya dari, mulika sakafu. Vipande vyenye uso mweupe, safi, visivyo na vumbi wala kuvu vimeanguka karibuni, na vingine vinaweza kufuata. Kisha inua mwanga utazame dari. Penye nondo zilizobaki wazi au ufa uliovimba, mtaangalia kutoka mlangoni.

Ndani hamwendi mbali zaidi ya pale mwanga wa mlango unapoonekana nyuma yenu, isipokuwa njia hiyo imekaguliwa na wahusika na ina mlango wa pili uliothibitishwa. Mashimo ya kupandishia makombora, matangi ya maji na visima vya mifereji mara nyingi havina vifuniko, na maji machafu yaliyotuama huficha tundu la mita kadhaa kwenda chini. Usikanyage maji usiyoyaona chini yake. Kwenye njia ndefu zisizo na tundu la pili hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu yoyote. Popo wakiwapo, tokeni kwa utulivu na mpaache. Wakiamshwa katika msimu wa kulala hupoteza mafuta waliyoyaweka ya kuwafikisha msimu mwingine.

Kuyasoma magofu

Sasa ndipo saa mbili mlizozilinda kwa ukali zinapolipa. Anzeni na kituo cha uangalizi, hata kama mizinga ndiyo inayovuta macho, kwa sababu kutoka hapo mpangilio wote hueleweka. Kitambueni kwa uwazi wake mwembamba na mrefu unaoangalia bahari, wenye kingo zilizopigwa ngazi-ngazi ili risasi zisiteleze kuingia ndani. Mtu mmoja baada ya mwingine asimame penye uwazi huo kimya kwa dakika moja na kutaja anachokiona: rasi, mlango wa bandari, kisiwa, njia ya meli. Kisha mwelezeni hesabu iliyowaleta askari juu. Mtu aliye ufukweni, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, huona upeo wa bahari ulio umbali wa kilomita 5 hivi. Akisimama mita 100 juu, upeo huo husogea hadi takriban kilomita 36. Kilima ndicho kilichokuwa chombo cha vita cha kwanza, na zege lilifuata.

Mtashangaa kukuta vituo vya namna hiyo vikiwa vimetawanyika, pengine kilima cha tatu kutoka kwenye mizinga. Vituo viwili ambavyo umbali kati yake unajulikana viliipima pembe ya meli ileile kwa wakati mmoja, na kwa hesabu ya pembetatu umbali wa meli ukapatikana na kupelekwa kwa simu. Vilima vya Marin Headlands, karibu na San Francisco nchini Marekani, vina vituo vingi vya aina hiyo, kwa kuwa mizinga ya Battery Townsley iliyowekwa hapo, yenye kipenyo cha inchi 16, ilirusha kombora la takriban kilo 950 hadi kilomita 40 hivi, umbali ambao mpiga mzinga mwenyewe asingeweza kuuona. Mizinga yenyewe ilikatwa kuwa chuma chakavu baada ya vita. Huko Longues-sur-Mer, Normandy, mambo ni tofauti: mizinga minne ya Kijerumani ingali ndani ya vyumba vyake vya zege, na kituo cha amri kiko mbele yake, ukingoni mwa genge. Mtu anayetembea kutoka kwenye mzinga hadi kwenye kituo hicho huupata kwa miguu yake mwenyewe uhusiano wa jicho na mkono.

Mahali pengi zaidi, hata hivyo, mtakuta jukwaa tupu. Tafuteni katikati yake duara la boliti nene zilizochomoza kwenye zege, kila moja ikiwa imekatwa au imeliwa na kutu. Hapo ndipo mzinga ulipofungwa, na upana wa duara hilo hutoa kipimo cha ukubwa wake. Kwenye ukuta unaozunguka kuna vijichumba vifupi vya makombora ya kutumiwa mara moja. Pitisheni mwanga wa tochi ukutani kwa ubavu, mkiwa mmeishika karibu kabisa na zege, na mtaona nyuzi za mbao zilizotumika kumwagia zege hilo, fundo la mti, kichwa cha msumari, pengine tarehe iliyokwaruzwa kwa kidole kabla halijakauka. Jicho la kawaida la mchana hukosa alama hizo zote.

Ghala liko chini au nyuma, na mlango wake kwa kawaida hauelekei bahari. Njia yake hukunja kona ili nguvu ya mlipuko wa nje ipungue kabla ya kufika kwenye baruti. Katika maghala ya karne ya 19 mtaona vidirisha vidogo ukutani: taa ziliwekwa upande wa pili wa kioo, katika ujia wake wenyewe, ili moto na baruti visikutane kamwe. Mahandaki yaliyopinda-pinda yana mantiki ileile, kwani handaki lililonyooka lingempa adui nafasi ya kulifagia lote kwa bunduki moja.

Someni pia zama zilizolaliana. Ngome ya mizinga ya Pinewood, huko Hong Kong, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mizinga ya kulinda bahari, baadaye ikageuzwa kuwa ya kutungulia ndege, kisha ikapigwa mabomu na ndege za Japani mnamo Desemba 1941. Tofali chini, zege juu, na rangi ya kujificha juu ya zege ni kurasa tatu za kitabu kimoja. Mashimo ya mviringo yenye kingo zilizoinuka ni ya mabomu au makombora. Pointe du Hoc bado imejaa mashimo hayo. Tarehe 6 Juni 1944 askari wa Marekani waliupanda ukuta wake wa takriban mita 30 kwa kamba na ngazi, na juu wakakuta mizinga haipo, imeshahamishiwa bara.

Msemaji wenu asiishie kwenye mizinga na makamanda. Mtu aliyebeba saruji naye atajwe. Ngome nyingi za Wajerumani kwenye pwani ya Atlantiki zilijengwa kwa nguvu za watu waliolazimishwa kufanya kazi, na katika kisiwa cha Alderney, karibu na pwani ya Ufaransa, waliwekwa kambini humohumo, wengi wakafia hapo. Pale penye makaburi au jiwe la kumbukumbu, chakula kiliwe kwingine, sauti zishushwe, na picha za kupanda juu ya kuta zisipigwe. Maelezo yatolewe upande uliokingwa na upepo, kwa vipande vya dakika tano, maana hotuba ndefu kwenye upepo wa bahari humfikia mtu wa mbele peke yake.

Kuondoka

Ikifika saa iliyopangwa, hesabuni watu kabla ya kuanza kushuka, kisha hesabuni tena kwenye njia panda ya kwanza. Mteremko huumiza magoti na vifundo kuliko mwinuko, na ajali nyingi hutokea miguu ikiwa imelegea na mawazo yakiwa nyumbani, kwa hiyo hatua zifupishwe na mazungumzo yaendelee taratibu. Malengelenge yashughulikiwe yakiwa bado ni uwekundu tu.

Mkifika mwisho wa njia, yule aliyebaki na orodha apewe taarifa kabla ya mtu yeyote kuondoka. Jioni hiyohiyo kiongozi aandike na kumtumia mwenye mamlaka juu ya eneo hilo kila kilichobadilika tangu ziara ya ukaguzi: ufa mpya darini, kifuniko kilichoibwa, ukingo uliomeguka, chuma kilichofukuliwa na mvua, kila kimoja kikiwa na mahali pake kwenye ramani na picha iliyopigwa kwa mbali.